Mikono Yangu Haikushika Kisu

Mama yangu mupenzi,

Kwanza niambie habari ya ule mugongo. Nimesikia umeanza tena kwenda shambani kule Wamaza juu ya piki-piki, na mufuko wa muhogo umepakata. Mama! Na umri huu? Na hapo Kasongo je, mvua imeacha kuvuja juu ya kitanda chako? Mumelala salama? Mimi niko muzima. Ninakula, ninasali, baridi inanipiga lakini haijanishinda.

Utashangaa kupata karatasi wakati telefone iko. Lakini ninakujua: nikikutumia sauti, unaweka telefone juu ya meza, unapandisha mpaka mwisho, na majirani wote wanakuja kunisikiliza. Hili siyo neno la majirani. Dada Zawadi akusomee chumbani, mulango umefungwa, wakati muke wangu Faida iko kanisani. Na wewe Zawadi, tafadhali, usiruke mustari hata moja.

Mama, unakumbuka neno ulilonikataza? Nilikuwa nimekwisha rudi huku Norvège kutoka konji, ile likizo ya kuja kuwaona, ndipo mukajua Faida ana mimba. Ukanipigia: "Fideli, kwetu mwanaume mwenye muke wa mimba hapasui samaki. Akipasua, mutoto anazaliwa na mudomo uliopasuka. Usishike kisu, unasikia?" Nikacheka kidogo, nikasema ndiyo Mama. Lakini usingizi ulinikataa. Kazi yangu ni samaki! Ile makayabo, samaki ya chumvi tunayonunua sokoni, ngumu kama ubao, kumbe iko na kichwa na macho, inafika hapa mbichi, na sisi tunaipasua kutwa nzima.

Basi nilikwenda kwa shefu wetu, muzee mumoja wa masharubu mazito, nikamuomba anitoe kwenye meza ya visu. Sababu sikumwambia, nilisema mukono unaniuma. Hata chumbani sikugusa kisu tena. Mukate ninaunyofoa kwa vidole, kitunguu ninakiponda na chupa, na wenzangu walidhani nimerukwa na akili. Shefu akanipeleka kwenye masini ya maji. Nilifurahi, Mama, nilifurahi kabisa. Maji siyo kisu, sivyo?

Kumbe! Ngoja nikueleze. Ni kama kabati refu la chuma, mukanda unapita ndani, na juu ya mukanda iko minofu ya samaki. Kwanza inapigwa radio, kama ile ya hopitali mutu akivunjika muguu, na mifupa inaonekana kwenye ekra, kioo kama cha televizio, mbele yangu. Kisha maji yanatoka kwenye tundu dogo, membamba kuliko uzi wa cherehani, yanakwenda moja kwa moja pale mifupa iko. Yanasukumwa na nguvu nisiyojua kuisema. Nyama inafunguka, mifupa inaanguka, na aliyekata humuoni. Hakuna mukono. Hakuna damu, hata harufu hakuna. Tunaziba masikio kwa sababu ya kelele, basi kila mutu iko peke yake ndani ya kichwa chake. Na inje, saa sita ya muchana, ni giza tupu, maana majira haya jua la huku halichomozi.

Siku ya kwanza nilipouona ule uzi wa maji, nilirudi nyuma hatua mbili. Hakuna kisu kinachopasua vile. Nilikuwa nimekimbia kisu, nikaenda kusimama mbele ya baba yake. Lakini nilikaa. Nilijiambia, mimi ninatazama ekra tu, yanayokata ni maji. Nilijiambia vile kila asubuhi, na kila asubuhi nilijiamini kidogo tu.

Halafu, juma lililopita, mnofu mumoja ulipita kwenye ekra na mifupa yake haikukaa kama ya samaki. Ilikuwa imejikunja. Kulikuwa na kichwa, Mama. Kulikuwa na uti wa mugongo, mudogo, kama shanga, na mukono umeinuliwa, vidole viko juu ya mudomo. Sikulewa, unajua sinywi. Na maji yakaacha. Sikugusa kitu, ninaapa, yaliacha yenyewe, na ule mnofu ukanifikia muzima. Niliushika, nikaubonyeza kote. Nyama tu, nyeupe, baridi. Nikaurudisha kwenye mukanda: sasa ekra ikaonyesha mifupa ya samaki, na maji yakaukata kama mingine yote. Fundi alikuja, akafungua, akafunga, akasema masini haina ubaya wowote.

Jioni nikafungua telefone, nikakuta picha. Zawadi, ni ile uliyonitumia kutoka hopitali, ya ekografi ya tumbo la Faida. Uliandika: "Dakitari anasema mutoto yuko vizuri, ila sura amekataa kutuonyesha. Amefunika mudomo na mukono!" Mulicheka wote, na wewe Mama ulisema huyu ana haya kama babu yake. Mimi nilikaa chini, juu ya sakafu, na koti mwilini. Ilikuwa picha ile ile. Kichwa, shanga za mugongo, vidole vile vile. Niliogopa kuzima telefone, na niliogopa kuitazama.

Kesho yake nilimwambia shefu yote, na maneno yangu machache ya hapa, na mikono. Nilingojea anicheke. Hakucheka. Aliinua masharubu na kidole kimoja, akanionyesha kovu, kutoka puani mpaka kwenye mudomo.

Nikamuuliza, "Baba yako alifanya kazi gani?"

"Samaki," akasema.

Akanitoa kwenye masini pale pale. Tangu siku ile ninaosha makreti ya samaki inje, kwenye upepo, na kwenye masini amesimama mutu mwingine, asiye na muke.

Labda ni macho yangu tu yaliyochoka. Labda. Lakini siogopi mudomo, Mama. Mudomo unashonwa. Shefu anakula, anapiga kelele, iko na wajukuu. Mutoto akishindwa kunyonya, mumukamulie maziwa, mumupe na kijiko, pole pole, kichwa kimeinuliwa. Ndivyo mama yake shefu alivyomulea. Ninaowaogopa ni watu wetu. Konji yangu ilikuwa fupi, na ninajua kuna wanaohesabu miezi. Mutoto akitoka vile watasema Faida alitembea inje, mimba siyo ya Fideli, ndiyo maana. Na wewe Mama, nisamehe, ninakuheshimu, lakini unaweza kuwaamini kabla jua halijazama. Utamupokea mutoto kwa mikono yako, na macho yako yatamutafuta Faida. Yasimutafute. Faida hana kosa. Aliyesimama mbele ya yale maji ni mimi.

Usimusomee haya. Mwambie tu nimebadilisha kazi, na kwamba ninamukumbuka mpaka chakula kinanikwama.

Unisalimie shangazi anayeuza mawese, aache kugombana na wateja. Mujomba, motari anayebeba watu na piki-piki kule Salamabila, avae kofia yake ya chuma, kichwa hakina cha kubadilisha. Katekista wetu aniombee, lakini sababu usimwambie.

Neno la mwisho. Kwetu jina linangoja sura. Watu wanamutazama mutoto kwanza, wanakubali ni wa nani, ndipo anaitwa. Mimi singojei. Akiwa mwanaume, ni jina la marehemu Baba. Akiwa mwanamuke, ni lako. Nimekwisha mupa, na sura yake sijaiona. Anza kumuita leo, Mama, akiwa angali tumboni, na mukono wake juu ya mudomo.

Mimi mutoto wako, na baba yake,
Fideli