Penalti ya Denis na Chai ya Walioshindwa

Yaya Akello,

Kesho nachezesha mechi Hjulsta, na ninaogopa. Naanza na hilo kwa sababu hukupenda mtu azunguke. "Karani, sema jambo lako, basi linakuja," ungeniambia, hata pale ambapo hakuna basi lililokuwa linakuja.

Bado nakuita Yaya. Ulinicheka siku ya kwanza, ukasema kwa Wakenya yaya ni msichana wa kulea watoto, na wewe umechoka kulea. Nikakueleza kwamba kwetu Bukavu ndivyo tunavyomwita dada mkubwa. Ukafikiri kidogo, ukasema, "Haya, nilee nikulee." Sasa nani ananilea uwanjani?

Theluji imeyeyuka tangu tukuzike. Uwanja wa Jakobsberg umefagiliwa kokoto za majira ya baridi, na nyasi zake za plastiki zinanuka mpira uliochomwa na jua, kama zamani. Dada yako Grace amehamia kwako, anakaa na mwanao Denis. Amebadilisha mapazia. Kiti chako cha jikoni hakuna anayekikalia, ingawa hakuna aliyekataza. Mimi bado niko kwenye dirisha la mapokezi, nyuma ya kioo, nawaambia watu ni karatasi gani inayopungua. Mkataba wangu umeongezwa. Ungefurahi, halafu ungeuliza kwa nini bado natembea kama mtu anayetaka kufukuzwa.

Unakumbuka ulivyonifundisha? Wenzetu wote walitaka mpira wa miguu, wewe ukanivuta kwenye raga, tena si ile ya watu kumi na watano uliyoicheza ujana wako, bali hii ya kumi na watatu ambayo hapa Stockholm ilikuwa ndiyo kwanza inaanza na haikuwa na marefa. Ulinilaza mimi na Denis kwenye zulia la sebuleni. Denis ananikaba, naanguka na mpira, yeye juu yangu. Nawe umesimama na mwiko mkononi, sufuria inachemka nyuma yako. Aliyekabwa lazima aachiwe ainuke, ausukume mpira nyuma kwa mguu. Anayeendelea kumlalia anaiba muda. "Mwachie!" ulimpigia Denis kelele. Asipotoka, mwiko unagonga meza, na hiyo ndiyo filimbi. Denis alikuwa akikujibu kwa Kiswidi, "Lägg av, mamma," yaani acha hizo, lakini alitoka. Alitoka kila mara.

Sheria hiyo uliitaka iwe rahisi. Onyo moja kwa sauti. Baada ya onyo, filimbi. Na kosa la mwanzo wa mechi lipimwe kwa kipimo kilekile mwisho wa mechi, kwa sababu, ulisema, mchezaji anaweza kumvumilia refa mkali na hata refa mpole, ila hamvumilii refa anayebadilika.

Halafu chai. Sijamwona refa mwingine yeyote anayefanya hivyo. Mechi ikiisha, ulikuwa ukichukua chupa yako ya chai ya tangawizi na kwenda kusimama mlangoni mwa chumba cha walioshindwa. Mwenye lalamiko anamiminiwa kikombe. Anapokunywa, anasema yote, matusi yakiwemo, nawe humjibu. Kikombe kikiisha unamwambia ulichokiona, mara moja tu, bila kuomba radhi na bila kubishana. Niliwaona wanaume wenye shingo nene wakiipuliza ile chai na kukulaumu kwa adabu, kwa kuwa ni vigumu kutukana vizuri na chai ya moto mdomoni.

Sasa nikuambie kilichotokea.

Hjulsta walicheza na Vällingby kwenye uwanja wetu wa Jakobsberg. Nilichezesha mimi. Denis alivaa namba moja ya Hjulsta, beki wa mwisho, kama ulivyotaka. Mechi ilikuwa ngumu, ya kusukumana, na mpaka dakika za mwisho Hjulsta walikuwa mbele kwa pointi moja. Nilikuwa nimewaonya wachezaji wengi wa pande zote kwa kulalia watu. Niliwaita kwa Kiingereza na kwa namba zao: "Namba nane, toka! Namba kumi na moja, toka!" Walikuwa wakitoka. Waliochelewa niliwapigia filimbi. Sikubadilika, Yaya. Nimeirudia mechi yote kichwani, na sikubadilika.

Kisha Vällingby wakaja mbio mpaka mbele ya milingoti ya goli. Denis akamkaba yule mwenye mpira, akamwangusha vizuri kabisa, chini ya mbavu, kama ulivyomfundisha. Akabaki juu yake. Nikafungua mdomo nimwite namba moja, na kilichotoka ni chako.

"Denis, mwachie!"

Kwa Kiswahili. Kwa jina lake. Kwa sauti ile ya jikoni.

Hakutoka. Mkono wake ulikuwa begani kwa yule kijana, naye kijana anajaribu kuinuka, magoti yanateleza. Nikapuliza. Nikanyoosha mkono. Penalti mbele ya milingoti, ambayo hata mimi ningeipiga ikaingia. Pointi mbili. Vällingby wakashinda kwa moja.

Kelele zilitoka pande zote mbili, na hilo ndilo lililonivunja. Kocha wa Vällingby, aliyekuwa ameshinda, alinifuata akiwa mwekundu: "Ulikuwa unamwambia nini? Ongea lugha tunayoisikia wote!" Na kocha wa Hjulsta, Baba Neema, ambaye alibeba jeneza lako bega kwa bega na mimi, alisimama pembeni ya mstari akasema taratibu, ili kila mwenye Kiswahili asikie: "Karani wa wazungu. Mtoto wa Akello ndiye umempata wa kumuuza?"

Nilikwenda mlangoni na chupa yako. Walipita mmoja mmoja, hakuna aliyenyoosha mkono. Denis akaja wa mwisho. Alichukua kikombe. Nikashusha pumzi. Akakimimina chote chini, kwenye kokoto, akaniangalia mpaka tone la mwisho, akanirudishia. "Hiyo ni chai ya mama," alisema kwa Kiswidi. "Si yako."

Niliiacha chupa palepale, nikaenda kituoni, nikapanda treni ya kwanza bila kuangalia inaelekea wapi.

Baada ya hapo hakwenda mazoezini. Dada Grace akanipigia: "Espoir, mtoto ameviweka viatu vyake kwenye mfuko wa takataka. Nimevitoa. Amevirudisha." Ndipo nilipoanza kuogopa kweli, kwa sababu pale hospitali uliniambia jambo moja tu. Dada yako angemwangalia nyumbani. Mimi nimwangalie uwanjani, asiache, maana ulijua ukiondoka hasira yake itataka mahali pa kwenda, na afadhali iende pale penye sheria na refa. Nilikuambia ndiyo. Ulikuwa umefumba macho, lakini ulinibana kidole.

Kisha ukaja ujumbe kwenye simu yangu, kutoka namba nisiyoijua: *Karani, Hjulsta usije.* Kwa sababu kesho timu hizohizo zinarudiana, kwao Hjulsta, na nimepangwa mimi. Nilimwandikia mwenyekiti wa marefa kwamba ninaumwa, kisha nikafuta kabla ya kutuma. Nikaandika tena. Nikafuta tena. Nilianza kushuka treni kwa mlango wa nyuma. Vijana wakicheka nyuma yangu, mgongo unakakamaa.

Na jana, Yaya, Denis alikuja ofisini.

Nilimwona kupitia kioo. Alichukua namba kwenye mashine kama watu wote, akakaa kati ya mama mwenye gari la mtoto na mzee mwenye fimbo. Begi lilikuwa mapajani. Hakuniangalia. Kila nilipobonyeza kitufe namba ikasogea, nikawa nahudumia watu polepole, naelezea mambo ambayo hawakuyauliza. Birgitta wa dirisha la pili aliniuliza kama ninaumwa. Niliwaza kumwomba tubadilishane. Niliwaza kitufe chekundu kilicho chini ya meza, kile cha kumwita mlinzi. Nisamehe, niliwaza hata hicho.

Namba yake ikafika. Akaja. Akafungua begi, akatoa chupa yako ya chai.

"Nimekuja kunywa kikombe changu," alisema. Kwa Kiswahili, Yaya. Mtoto wako ambaye hukuwahi kumpata akujibu Kiswahili hata kwa pipi.

Alimimina. Tangawizi ilinuka mpaka Birgitta akageuka. Ameitia nyingi mno, kama wewe. Akanywa kidogo, akaanza.

"Wale wengine uliwaita kwa Kiingereza, kwa namba zao. Mimi ukaniita Denis. Ukaniita kwa neno lake, kwa sauti yake. Nimelala juu ya mtu, nimesikia mama." Akanywa. "Sikujua kama natakiwa kuinuka au kulia. Ningesikia 'namba moja, toka', ningetoka. Sauti ya refa naijua. Ile haikuwa ya refa. Ulinionya kama ndugu, halafu ukaniadhibu kama refa. Chagua moja!"

Yule mama wa gari la mtoto akauliza kwa Kiswidi kama hapa siku hizi ni mkahawa. Denis akageuka, akamwambia kwa adabu, "Samahani, mama, nakaribia kumaliza," na kweli akanywa kilichobaki polepole, bila haraka hata kidogo. Akaweka kikombe chini, akangoja.

Nikamwambia nilichokiona, mara moja, kama ulivyonifundisha: "Ulikuwa juu yake. Mkono wako begani kwake. Alitaka kuinuka akashindwa. Nilikuonya, hukutoka. Nikapiga filimbi."

Alitazama meza. "Kweli," akasema. "Ilikuwa penalti."

Sikumwambia samahani. Nilitaka sana. Badala yake nikasema, "Na ulichosema kuhusu kuitwa, nacho ni kweli." Sijui kama hilo linavunja sheria yako. Hukuwahi kutuambia la kufanya pale mlalamikaji anapokuwa na haki na penalti pia ni halali.

Akafunga chupa. Nikamwonyesha ule ujumbe kwenye simu. Akausoma, akatabasamu upande mmoja, tabasamu lako lilelile. "Huyu namjua. Hajui hata kurusha mpira. Njoo tu. Usipokuja watamleta yule mwingine, anayesahau kuhesabu tumekabwa mara ngapi kabla ya kuutoa mpira kwa wenzetu." Aliisukuma chupa chini ya kioo, ikakwama, nikalazimika kufungua mlango mdogo wa pembeni kuichukua. "Viatu nimeviosha," alisema. "Mimi nacheza. Wewe niite namba moja."

Nikabonyeza kitufe. Mama wa gari la mtoto akaja, akauliza kama chai imebaki.

Kwa hiyo kesho naenda. Bado ninaogopa, sitakudanganya. Baba Neema hajapokea simu zangu, na njia ya kutoka kituoni Hjulsta mpaka uwanjani ni ndefu kwa mtu anayetazamwa. Lakini chupa imeoshwa, iko mezani, tangawizi nimeshaimenya.

Nakuahidi hivi, Yaya. Uwanjani mtoto wako atakuwa namba moja, kwa Kiingereza, kama wengine wote, na nikiona penalti nitaipigia filimbi, iwe ya kwake au ya wenzake. Nyumbani kwa Dada Grace, kwenye zulia, ndipo nitamwita Denis, na neno lako nitalitumia huko tu. Na filimbi ya mwisho ikilia, nitasimama mlangoni mwa walioshindwa, wawe nani, mpaka chai iishe. Safari hii sitakimbilia treni.

Kwaheri, Yaya wangu. Pumzika. Zamu ya kulea ni yangu sasa.

Karani wako,
Espoir