Barabara Iliyo Chini ya Jiko Langu

Mpendwa mshauri, naomba msaada kwa jambo ambalo hata padri sijamwambia. Nilijenga Kibenga, pembeni mwa mji, wakati nyuma yetu kulikuwa na mashamba tu, na wapimaji walikuwa wameacha nafasi ya barabara kando ya kiwanja changu na kuweka jiwe la mpaka, lakini miaka ikaenda bila mtu kupita, nami nikaona nafasi inaota nyasi bure, nikasogeza ukuta, nikajenga jiko, jiwe likabaki chini ya mafiga. Sasa huko nyuma kumejaa nyumba, kila mtu amejifungia ukuta wake kama mimi, na wakitaka kufika kwenye lami wanazunguka bondeni kwenye matope, karibu nusu saa, na kila Jumamosi ya kazi za pamoja tunakwenda wote kuitengeneza njia hiyo ya bondeni, nami nachimba kuliko vijana, mpaka shefu wa kartie, kiongozi wa mtaa wetu, akasema mbele ya watu, "Muangalie Baba Candide, uyu ndiye mutu!" Jirani yangu wa nyuma, Mama Mawazo, anayeuza ndagala, vile visamaki vya ziwani, huniita juu ya ukuta: "Baba Candide, arufu ya maharagi yako inanifikia, lakini mi kukufikia ni safari!" Tunacheka, kisha naingia ndani na kufunga mlango. Mvua zilizopita aliteleza huko bondeni na beseni lake, akavunjika mkono. Sasa shefu ameniomba, kwa kuwa mimi ni mkazi wa zamani, Jumamosi hii niseme kama palipangwa barabara. Mke wangu Laure ananiambia, "Sema umesahau, we ni muzee." Nifanye nini?

Térence, baba yake Candide

Ndugu Térence,

Pole, lakini hujasahau, na ndiyo maana huna raha. Nikueleze kidogo. Mji haukui kwa nyumba peke yake, unakua kwa njia zinazokutana. Ukiwa Rohero, katikati ya mji, ukakuta mtaa umefungwa, unapita wa pili na safari inaendelea. Pembeni, ambako mji unatambaa kiwanja baada ya kiwanja, barabara huingia isitokee, kwa sababu kila mwenye ukuta hujiambia kwamba nafasi moja si kitu. Kati yako na Mama Mawazo kuna hatua ishirini. Nusu saa iliyobaki umeijenga wewe.

Na hilo jembe lisikufariji. Umekuwa ukichimba kwa bidii ili usiulizwe.

Usingoje Jumamosi. Mwambie kwanza Mama Mawazo, wala si juu ya ukuta: zunguka bondeni kwa miguu mpaka mlangoni kwake, ndipo utajua unaomba msamaha wa kitu gani. Kutoka hapo nenda kwa shefu. Laure ahamishe mafiga. Akinuna, mvumilie, hata yeye amepikia barabarani miaka yote hiyo. Jumamosi watu wakija na majembe, wasiende bondeni. Wakute umeshashusha mabati ya jiko, na jiwe linaonekana.