Nani Kaazima Shamba la Babu

Mjukuu wangu Tumaini,

Marahaba. Huku Newala hatujambo. Mikorosho imechanua, na mama yako mdogo amejifungua mtoto wa kike. Unauliza utatofautishaje "borrow" na "lend", maana kwetu yote ni kuazima.

Enzi za Mwingereza, mkaguzi mzungu aliingia darasani mwetu, akanitaka nitunge sentensi ubaoni. Nikaandika kwa Kiingereza kwamba serikali ime-"borrow" shamba la babu yangu, lile walipojenga nyumba ya wageni wao bila kumwuliza.

"Umekosea," akasema. "Serikali ndiyo ina-'lend' ardhi."

"Mwenye mali ndiye ana-'lend', bwana. Mwenye shamba ni babu."

"Futa!"

Nikaiweka chaki mezani. Akamgeukia mwalimu wetu, mtu wa Chilangala. Mwalimu akausoma ubao taratibu, jasho likimtoka.

"Sarufi haina kosa, bwana."

Nilifukuzwa darasani, nikaenda kulima na babu kwenye kipande kilichobaki. Nilipomsimulia, akaacha jembe.

"Kwa nini hukuandika wameiba?"

"Neno hilo, babu, hawajatufundisha."

Wewe umeshafundishwa, mjukuu wangu. Usiogope kuliandika panapostahili.

Ni mimi bibi yako, ambaye bado nalima