Mrehani wa Mama Kanti

Mjukuu wangu Zaituni, salaam nyingi kutoka Mbale. Babu yako hajambo, bado anagombana na redio. Mama yako kahamia mtaa wa Malukhu, hapa hapa mjini.

Umeniuliza pumu tuliituliza vipi enzi za wanajeshi. Kule Jinja, nikiwa msichana, jirani yetu Mhindi, Mama Kanti, alinitibu kwa Ayurveda, dawa ya kwao. Kila asubuhi aliuamkia mrehani wake kama mtu mzima, akaumwagilia, ndipo akachuma majani ya kuchemsha na tangawizi. Mvuke ulipopanda niliona ua wote unaelea, hata kuku. Mimi nilivuta hewa kwa pupa. Akanicheka: "Toa kwanza, binti. Kuvuta kutakuja kwenyewe."

Kisha Wahindi wakaamriwa na wanajeshi kuondoka nchini. Siku yao ilipofika, askari akiwa mlangoni, Mama Kanti alisimama mbele ya mrehani, kifua kimembana, hawezi hata kuaga. Nikamshika mkono.

"Toa kwanza, mama."

Akatoa, polepole, mpaka majani yakatikisika.

Dawa ya daktari usiiache. Humu kwenye bahasha kuna mbegu za mrehani ule; aliniachia, nami nimekuwa nikiupanda upya tangu siku ile. Ukiota, uwe unauamkia.

Bibi yako