Ubao wa Taa Sita

4 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Hamjambo? Pumzi za Mama zikoje? Mimi mzima, ila maabara ya idara hapa chuoni imenikausha, nimebaki macho na miwani.

Betri uliyoipokea ndiyo utafiti wangu wa mwaka mzima: seli za kompyuta zilizotupwa, nimezichambua moja moja na kuziunga upya. Ijaze kwa sola, kisha washa ule ubao wa taa sita niliokutumia pamoja nayo. Zinakula umeme sawa na mashine ya oksijeni ya Mama. Zikizima, andika masaa kwenye daftari. Hapa maabara inadumu masaa nane. Profesa anataka kujua nyumbani kwa watu itadumu mangapi.

Binti yako

2 Aprili

Injinia wangu,

Marahaba. Sisi wazima, mama yako anakohoa kidogo tu. Anasema taa sita mchana kweupe, majirani watadhani fundi cherehani kapoteza sindano.

Daftari hilo, siku thelathini. Masaa nane kila siku, kama ulivyosema. Mwambie profesa mcheza kwao hutuzwa.

Baba yako

19 Juni

Baba,

Shikamoo. Mama hajambo? Kaa kitako kwanza. Daftari lako limeoneshwa ukutani mbele ya idara nzima! Mwandiko wako, Baba! Wamepiga makofi, na profesa msimamizi, asiyejua kucheka, alicheka.

Sasa ifunge betri hiyo kwenye mashine ya Mama umeme ukikatika. Ule mtungi wa oksijeni wa akiba urudishe hospitali, kuna wagonjwa wanaungojea. Masaa nane yanatutosha.

Binti yako

27 Juni

Binti yangu,

Marahaba. Mtungi nimeurudisha. Mama yako anakusalimu sana. Nina nguo za watu hapa, niishie hapo.

Baba yako

8 Septemba

Mwanangu,

Natumaini ulifika salama. Siku zote ulizokaa nasi msibani nilitaka kukuambia, kila nikifungua mdomo naomba chai.

Betri haikuwahi kufika masaa nane. Siku ya kwanza ilizima baada ya matatu. Nikadhani nimekosea kuunga waya. Ya pili, matatu. Nikakuona akilini umesimama mbele ya maprofesa, mtoto wa fundi cherehani, kazi yako inachekwa. Nikaandika nane. Miaka arobaini nimewaambia wateja nguo inayobana itaachia yenyewe.

Uliposema nirudishe mtungi, nilijiambia huku umeme haukatiki zaidi ya masaa mawili. Siku ile ulikatika saa nne asubuhi. Saa saba betri ikazima. Jirani alikimbia na baiskeli kuufuata mtungi. Aliporudi, mama yako alikuwa ameshaniachia mkono.

Watu niliwaambia siku zake zilifika. Wewe siwezi kukudanganya mara ya pili. Usiponijibu nitaelewa.

Baba yako

30 Novemba

Baba,

Shikamoo. Nimechelewa kukujibu. Kwanza nilikukasirikia, nikachana barua tatu nilizokuandikia. Kisha nikalifungua daftari.

Siku thelathini, masaa nane, hakuna dakika iliyozidi wala kupungua. Baba, hakuna betri ya namna hiyo duniani. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeona. Mimi niliona mwezi ule wa nne, nikiwa nimesimama mlangoni mwa maabara. Nikalifunga, kwa sababu nilizipenda zile nane. Ningekuuliza swali moja tu, ungeniambia kweli.

Wewe ulidanganya kwa kunipenda. Mimi nilikuwa na kazi ya kupima, na baada ya yale masaa nane ya maabara sikupima tena, na ni mimi niliyesema mtungi urudi. Leo nimeiambia idara yote. Utafiti umefutwa, nitaanza upya mwakani kama watanikubali.

Naomba kitu kimoja. Jaza betri, washa zile taa, kaa nazo, uniandikie masaa yenyewe.

Mwanao

11 Desemba

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, nyumba ndiyo kubwa mno.

Niliuweka ubao kitandani upande wa mama yako, nikavuta kiti. Sikushona siku hiyo. Zilianza kufifia taratibu, kisha zikazima zote pamoja. Masaa matatu na dakika kumi na moja. Mkono ulitaka kuandika matatu na robo.

Kesho nitapima tena.

Baba yako