Kifungu cha Tisa cha Sheria ya Mfereji

Bunia, Jumamosi, saa tisa mchana. Mvua imekatika, jua limetoka, na uvundo wa mfereji umetoka nalo.

Nina hasira. Nimejaribu kulala, nimejaribu kufua, nimeosha hata sufuria zilizokuwa safi. Haijatoka. Basi niandike, labda itahamia kwenye karatasi.

Wiki mbili zilizopita, siku ya salongo kama leo, yaya Lotsove aliungua miguu ndani ya mfereji wa serikali. Yaya ni dada yangu mkubwa, mjane, ndiye aliyenilea, na tunaishi pamoja hapa mtaa wa Lumumba. Jumamosi za salongo kila nyumba inatoa mtu mmoja wa kufanya kazi ya bure ya serikali, na asiyetokea anafuatwa mpaka mlangoni. Mtaa wetu ulipewa mfereji, ule wa zamani wa saruji unaoteremka kutoka katikati ya mji, unapita nyuma ya garage, kisha unapita mbele ya nyumba zetu hadi mto Nyamukau.

Sisi watu wa hapa tuna ujinga wetu mmoja. Kabla ya kuingia kwenye uchafu tunavua viatu. Viatu ni vya kwenda navyo kanisani, haviharibiwi mferejini. Miguu itaoshwa, imekwisha. Yaya alipanga sandali zake vizuri kando ya barabara, akaingia na jembe. Asubuhi hiyo watu wa garage walikuwa wamemwaga maji ya betri kuukuu, yale makali yanayokula chuma. Watu wanne walipiga kelele. Yaya ndiye aliyekuwa amesimama penye kina, mpaka juu ya vifundo. Majirani kwa huruma wakampaka mafuta ya mawese. Muuguzi alipoona aligomba hadi sauti ikamkauka: yalitakiwa maji, maji mengi, tena palepale. Mafuta yalipopanguswa, ngozi ilitoka nayo.

Bado hajaweza kutembea.

Mimi ni dactylo, napiga mashine katika ofisi moja ya mji. Jumatatu ya wiki hii Chef wangu aliniita. Wakubwa walikuwa wamesikia habari za miguu, wanataka sheria: kitu gani kinaweza kuingia kwenye mifereji na kitu gani hapana. Nilitia karatasi kwenye mashine. Nilisema moyoni, sasa watakoma.

Akawa anasema kwa Kifaransa, nami napiga. Kifungu cha kwanza, maji ya mvua yanaruhusiwa. Cha pili, maji ya kuloweka muhogo, marufuku. Cha tatu, machicha ya kaikpo, ile pombe kali wanayopika mama zetu, marufuku. Maganda ya ndizi. Manyoya ya kuku. Majivu na maji ya sabuni. Kifungu cha nane, atakayevunja sheria atazibua mfereji kwa mikono yake mwenyewe. Hapo akafunga kalamu.

Ukiondoa mvua, sheria nzima imetoka jikoni! Yaya anayeloweka muhogo ili tule ndiye mkosaji. Atazibua mfereji na miguu yake ikiwa kwenye bendeji.

Nilimwuliza kwa adabu zangu zote maji ya betri yataandikwa wapi. Land Rover yake inatengenezwa bure kwenye garage ile ile, mji mzima unajua. Aliniangalia kama vile kiti kimesema.

"Citoyenne, kazi yako ni kupiga mashine. Haiko kufikiri."

Nikapiga. Tena nikapiga bila kosa hata moja, mistari imenyooka, pembeni kote sawasawa. Nilijichukia mpaka nikashindwa kula mchana.

Sasa, Chef wangu ametoka Kinshasa. Kiswahili chake ni cha kununulia nyanya, hakizidi hapo. Karatasi ya kubandika mitaani lazima iwe ya Kiswahili, na kila mara ananiachia mimi. "Weye tia mu Kiswahili," aliniambia, "watu wasikie." Alhamisi nikaitia. Vifungu vinane vikakaa kwenye stencil, ile karatasi ya kutolea nakala, kama alivyovisema. Chini ikabaki nafasi ya kama vidole vitatu.

Nilihesabu mistari itakayotosha pale. Kisha nikapiga:

Kifungu cha tisa. Mafuta machafu ya magari na maji ya betri ni marufuku kabisa. Mwenye garage anayeyamwaga ataingia mferejini yeye mwenyewe siku ya salongo, miguu mitupu.

Hiyo "miguu mitupu" niliiongeza kwa uchungu tu. Sijutii.

Chef hutia sahihi saa sita kasoro, amesimama, koti la abacost limefungwa hadi shingoni, ufunguo wa gari mkononi. Akatia kwenye ya Kifaransa, akatia kwenye ya Kiswahili, nikagonga muhuri. Jana karatasi zikabandikwa.

Leo asubuhi nimekwenda salongo. Watu walikuwa wamesimama ukingoni na majembe yao, na hakuna aliyevua kiatu. Mama Dhesi, jirani yetu anayepika kaikpo, alikuwa mbele ya karatasi na kidole chake, anasoma kifungu cha tisa kwa sauti, anarudia.

"Sheria iko hapa," alimwambia mkuu wa mtaa. "Mwenye garage aingie kwanza. Siye tutafuata."

Mkuu wa mtaa alikuna kichwa. Sahihi ipo, muhuri upo, angefanya nini? Akatuma mtu. Mwenye garage akaja ndani ya gari, anacheka. Akasoma. Akaacha kucheka, akarudi kwenye gari na kwenda kumchukua Chef nyumbani kwake.

Chef aliposhuka, watu walimpisha hadi kwenye karatasi. Aliisoma polepole, midomo inacheza, kidole juu ya neno moja moja. Angeweza kusema hakuandika yeye. Lakini hapo angekuwa anawaambia watu wa mtaa mzima kwamba anatia sahihi bila kusoma. Alinitafuta kwa macho katikati ya watu mpaka akanipata. Kisha akamgeukia rafiki yake.

"Toa viatu, citoyen."

Yule bwana alivua viatu, akavua na soksi, akaingia. Watu walicheka wakashikana mabega. Mama Dhesi alikaa chini kabisa.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nayatazama maji. Mvua ya alfajiri ilikuwa imeuosha mfereji, na leo hakuna aliyemwaga kitu. Alisimama mle dakika chache, akatoka na miguu misafi kuliko alivyoingia nayo. Akavaa soksi zake, akaenda nyumbani.

Hiyo ndiyo haki tuliyopata. Nilitamani kulia mbele ya watu.

Saa sita planton, tarishi wa ofisi, alileta ujumbe: Jumatatu saa mbili, nifike na karatasi zote mbili, ya Kifaransa na ya Kiswahili. Najua maana yake. Kazi imekwisha, au karibu. Nitasema ni mimi niliyeandika. Nitaomba wayaandike maji ya betri hata kwenye ile ya Kifaransa, hata kama wananifukuza. Chef simwogopi tena, nimemwona akisoma.

Lakini kuna jambo nimelizunguka tangu nishike kalamu, na hasira yangu kubwa imelala hapo.

Jumamosi ile zamu ya nyumba yetu ilikuwa yangu. Nilimwambia yaya nina homa. Sikuwa na homa. Ijumaa nilikuwa nimesukwa nywele na sikutaka kuzitia kwenye uvundo. Alinishika paji la uso, akasema, "Lala, mudogo yangu. Nitaenda miye." Nikalala. Nilisikia kelele za mferejini nikiwa kitandani.

Wiki mbili namfunga bendeji, ananishukuru kila mara, na mimi naitikia.

Nimeweza kumtilia Chef sheria ndani ya sheria yake. Kumwambia yaya kweli, hapa hapa ndani ya nyumba moja, kumenishinda. Chef atasikia Jumatatu. Yaya lazima asikie leo, kabla sijamgusa tena miguu.

Ananiita, anataka maji. Naenda.