Mkwe Ukutani

Nduguti, Mkalama
Jumanne, 11 Machi 2025

Mama mpendwa,

Shikamoo. Naamini barua hii itakukuta mzima hapo Ulemo, wewe na Baba na wote waliomo nyumbani. Goti la Baba linaendeleaje na hizi mvua? Na alizeti, ndege wamewaachia chochote mwaka huu? Mimi huku Nduguti ni mzima wa mwili. Kazi ya kupima viwanja inaendelea, tope ni jingi, na chumba nilichopanga kinavuja upande wa kitanda tu, nadhani kwa makusudi. Winfrida na mtoto Aneth wako salama kule Singida Mjini, ingawa mshono wa upasuaji bado unamsumbua Winfrida akiinama.

Najua utashangaa kupata barua ya mkweo. Tangu nimuoe mwanao hatujawahi kuvuka salamu, tena mimi nikiwa nimesimama mbali na wewe umetazama pembeni, kama inavyotakiwa. Kwa simu nisingeweza. Nimemwomba Mzee Petro, mshenga wetu, akuletee bahasha hii. Hajui kilichomo. Nina hakika hajui, kwa sababu nimeibandika gundi mara mbili.

Niruhusu nianzie kwenye kamera, maana ndiyo iliyotufikisha hapa.

Unakumbuka tuliibiwa kuku wote mwezi wa kumi na mbili. Kwa hasira nikamwita Stanley, fundi wa kamera pale mjini, akapigilia moja sebuleni, ukutani juu ya kabati, iwe inatazama mlango na uwanja. Picha zake huja kwenye simu yangu popote nilipo. Mama, mimi ni mtu wa kushuku, sikufichi. Mtu akinisalimia mara mbili kwa siku moja naanza kujiuliza anataka nini. Kwa hiyo kamera ile ilinipendeza kuliko kitu chochote nilichowahi kununua.

Ulipokuja kumhudumia mzazi, wiki ya kwanza ilifanya kazi vizuri. Wiki ya pili vituko vikaanza. Saa saba mchana nakaa kula, nafungua simu, naambiwa kamera haipo mtandaoni. Saa nane kasoro inarudi yenyewe. Jioni vivyo hivyo. Nilimpigia Winfrida azime kile kisanduku cha intaneti na kukiwasha tena, akafanya. Nikaongeza bando, na sauti nikaizima kabisa ili bando lisiishe haraka. Nikauliza kama umeme ulikatika, akasema redio ilikuwa inaimba muda wote. Stanley akasema ukuta wa matofali unazuia mawimbi, kisanduku kisogezwe dirishani. Kikasogezwa. Akaja kubadilisha kadi, akabadilisha na chaja. Kesho yake saa saba, kimya. Mwishowe Stanley alinicheka, akasema kamera mbovu haina ratiba, mwenye ratiba ni mtu.

Neno hilo lilininyima raha. Nikaanza kurudia picha za nyuma, na humo nikamkuta Lazaro, yule jirani wa nyumba ya tatu. Alhamisi moja aliingia getini dakika kumi kabla ya kamera kuzima, amebeba mfuko wa salfeti. Jumamosi akaingia tena na mfuko mwingine. Nilikuza picha kwa vidole mpaka uso wake ukawa madoa matupu, na hata hayo madoa niliyaona yanatabasamu. Nikajiuliza ni nani anayetabasamu kwenye geti la mwenzake saa saba mchana. Jumatatu yake nikampigia Winfrida. Nilimwambia kuna mtu anaingizwa kwangu kamera ikizimwa, na kwamba mama yake mzazi anaona na kunyamaza. Ndivyo nilivyosema, Mama. Akakata simu.

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi. Winfrida alijikaza siku kadhaa, Jumamosi akashindwa, akakueleza yote, nawe ukafunga kanga zako ukapanda basi. Jioni ile alinipigia analia na kufoka kwa pamoja. Akasema Lazaro alikuwa analeta majogoo uliyomwagiza, ya supu ya mzazi. Akasema mwenye kuchomoa waya wa kamera ni wewe, kila unapokula, tangu siku alipokuonyesha kwenye simu yake kwamba nawaona. Ulikuwa umemficha hata yeye, ukihofia atakucheka, mpaka siku hiyo ya kuondoka ulipomwambia huwezi kula mbele ya mkwe, hata kama mkwe yuko ukutani. Na kibanda cha jiko kiko nje, ungekwenda kula huko usingemsikia mgonjwa akiita. Mimi nikapiga kumbe kubwa, nikasema sikujua.

Nilimtuma Mzee Petro aniombee radhi, naye juzi akarudi na majibu yako. Alisema hukuweka kinyongo. Ulisema kijana alishuku asichokiona, hilo ni kosa la mdomo na linasameheka. Kubwa kwako ni kwamba heshima ipo, kwa kuwa hukuwahi kula mbele ya macho yangu. Na kwa sababu hiyo Jumamosi hii utarudi Singida. Winfrida aliposikia alilia kwa furaha, maana kuinua ndoo bado hawezi na mimi ruhusa nimenyimwa. Mimi sikufurahi, na sasa nakueleza sababu, hata kama itakufanya uufungue mfuko uliokwisha kuufunga.

Jumatano ya wiki ile niliyomshutumu Winfrida, mlipokwenda kliniki wote watatu, Stanley aliingia kwa ufunguo wa akiba niliomtumia kwa basi. Akaweka kamera ya pili, ndogo kama kizibo cha soda, kwenye rafu nyuma ya vitabu vya nyimbo. Winfrida hajui mpaka ninapoandika hapa. Hiyo sauti yake sikuizima.

Alhamisi saa saba nilikuona. Ulikuja kwa pembeni, ukiambaa na kabati, usipite mbele ya ile kamera kubwa. Ukainamisha kichwa, ukaiambia polepole kana kwamba ndiyo mimi, "Baba, uniwie radhi, nataka kula." Ndipo ukachomoa waya. Ukakaa chini ukala ugali na mlenda, na katikati ukamwuliza Winfrida kwa sauti kama aongezewe uji.

Pale pale nilijua kila kitu, na pale pale ilinipasa kuzima simu. Sikuzima, Mama. Nilitazama mpaka uliponawa mikono. Ijumaa nikatazama tena, kwa sababu nilijiambia pengine Lazaro ana siku yake. Siku zote zile ulikuwa unaniomba radhi, na mimi nimezima sauti ili kubana bando. Kisha nilipokusikia, nikaendelea kukutazama ukila. Kwa hiyo hilo unaloliita kubwa limeshavunjika mara mbili, na aliyelivunja si wewe.

Ningeweza kunyamaza. Ungerudi, ungemwogesha mjukuu, na hakuna ambaye angejua. Lakini ungekuwa umerudi kwa jambo lisilo kweli, na mimi ningeitikia salamu zako nikiwa nayajua niliyoyaona. Naona aibu kuandika haya, na ningeona aibu zaidi kukupokea bila kuyaandika. Sijui makosa ya namna hii hutengenezwaje kwenu. Kama kuna mbuzi, kama kuna wazee wa kukaa nao, nitume tu. Kama hakuna dawa, nalo nieleze. Winfrida nitampigia leo hii nimwambie mwenyewe, asije akayasikia kwako.

Stanley aliziondoa kamera zote mbili jana, ile ndogo akiichukua Winfrida akiwa chumbani. Kwa hiyo Jumamosi, ukishuka stendi au usiposhuka, mimi sitaona. Nitakuwa huku kwenye tope na kamba zangu za kupimia, nikingoja Winfrida anipigie, na atakachoniambia nitakiamini.

Nisalimie sana Baba, mwambie apunguze kupanda darini kukagua mtama kabla goti halijapona. Wasalimie na majirani wote. Aneth ameanza kucheka akiwa usingizini, na Winfrida anasema meno yakiota atakuwa na kicheko chako. Mungu awalinde.

Ni mimi mkweo, kwa heshima,

Ignas